Kalkilateri Mbili

Gihundwe, Jumapili tarehe 21 Aprili 2024
Asubuhi mvua nyepesi, ukungu juu ya ziwa. Ilikatika saa tatu.

Yaya Akilimali,

Salamu kwako, kaka yangu, na kwa wifi Chloé. Sisi ni wazima, na neno hilo naliandika polepole, kwa sababu jana lilibaki kidogo lisiwe kweli.

Jana nilishuka Bugarama na Papa Elikia kununua mchele. Gari letu lilisimama sokoni juani tangu saa tatu. Saa sita tukaanza kupanda kurudi Kamembe, na abiria kumi na saba. Kwenye kona ya tatu ya mlima injini ikazima. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilinyamaza tu, kama redio iliyochomolewa waya. Usukani ukawa mgumu, breki ikawa ngumu, na gari likaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu kulikuwa na lori la saruji. Papa Elikia alisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, kichwa chake kikigusa paa, mpaka likasimama. Kati yetu na lori zilibaki hatua tatu. Nilishuka nikazipima.

Mama mmoja akasema, "Dereva, unatuchezesha?"

Papa Elikia akacheka: "Mlima ni murefu, Maman. Nilitaka mupumuzike kidogo."

Watu wote wakacheka. Mimi niliiangalia miguu yake, yote miwili ilikuwa bado juu ya breki. Baada ya robo saa injini ikawaka yenyewe, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hii ni mara ya saba. Ninajua kwa sababu nimeandika. Unakumbuka ulivyokuwa unanicheka tukiwa shuleni, kwamba naandika tarehe na mvua kama mfungwa? Daftari ninalo bado. Hili ni la kumi na tisa.

Papa Elikia amenikataza kulisema neno hili. Anasema gari likipata jina baya kwenye kituo, limekufa, hakuna atakayelipanda. Nisimwambie mtu, hata Latifu. Latifu ni dereva mwenzake wa Bugarama. Magari yao waliyanunua pamoja, mabasi madogo mawili ya mwaka uleule na rangi ileile, na hupokezana zamu kama ndugu. Hata yeye hajui.

Wamebadilisha plagi, wamebadilisha pampu ya mafuta. Fundi Mutabazi, mwenye gereji nyuma ya msikiti wa Kamembe, anasema huenda ni kompyuta ya injini, ile mafundi wanaiita kalkilateri. Lakini hana njia ya kujua. Wewe unatengeneza redio na televisheni tangu nikiwa mtoto. Je, kisanduku hicho unaweza kukisoma?

Usinipigie simu. Tuna simu moja nyumbani, na inashinda mkononi mwake kwa ajili ya abiria. Barua hii anaileta Maman Gaudiose, anayevuka daraja la Rusizi II na nyanya kila siku isipokuwa Jumapili. Ni mtu wa kuaminika na hana haraka ya kusema.

Ninaogopa, Yaya. Kila asubuhi anapowasha injini, mimi nikiwa jikoni ninahesabu kona.

Mdogo wako,
Nzigire


Bukavu, Kadutu, Alhamisi tarehe 25 Aprili 2024

Mdogo wangu Nzigire,

Barua yako imenifikia ikinuka nyanya. Chloé aliinusa kwanza, akauliza ni mwanamke gani ananiandikia kutoka sokoni.

Sasa nisikilize. Kalkilateri ni kisanduku cha bati, ukubwa wa Biblia. Kwenye magari kama lenu kimefichwa nyuma ya kibao cha plastiki, karibu na miguu ya abiria wa mbele. Ndicho kinachoiambia injini saa ya kupata mafuta na saa ya kupata moto. Kikinyamaza, injini inanyamaza. Ndani yake ni kama redio zangu: vyuma vidogo vimeshikwa kwa risasi iliyoyeyushwa, na miaka ishirini ya kutikiswa inaipasua.

Nahitaji vitu viwili. Cha kwanza, namba iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, yote, usiache hata herufi. Cha pili, kile nilichokuwa nakicheka: fungua daftari lako, uniandikie kila siku gari lilipozima, saa, hali ya hewa, na lilikuwa limesimama wapi kabla.

Na neno moja la kukataza. Usikubali fundi ajaribu kwa kuazima kalkilateri ya gari jingine. Ndivyo wanavyofanya huko, na hapa Kadutu pia. Magari mawili yanasimama sambamba, wanabadilishana, yakiwaka yote wanasema yote ni mazima. Ugonjwa huu haujionyeshi kwa dakika kumi. Halafu mmoja anaitwa kula, mwingine ana haraka, na jioni hakuna anayejua ipi ilikuwa ya nani.

Mwambie shemeji asipakie watu wengi. Najua huwezi kumwambia. Basi mwombee.

Kaka yako,
Akilimali


Gihundwe, Jumamosi tarehe 27 Aprili 2024
Asubuhi mvua kubwa tangu saa kumi na moja, upepo kutoka upande wa Bukavu.

Yaya,

Barua yako nimeipata leo saa nne. Imechelewa siku moja. Jana Ijumaa mchana, Papa Elikia alipokuja kula na kulala kidogo, nilimwambia ninapeleka gari kuoshwa, dereva wa jirani akaniendeshea mpaka kwa Mutabazi. Mutabazi alijaribu yetu ndani ya gari jingine, na ya gari hilo ndani ya letu. Yote yaliwaka vizuri. Amesema kalkilateri yetu ni nzima. Usiniulize gari jingine ni la nani.

Namba niliinakili kabla hajaichomoa. Ni ndefu, nimekuandikia yote nyuma ya karatasi hii. Inaishia na 4417.

Na haya ndiyo ya daftari:

Jumanne 16 Januari, saa saba, kupanda kutoka Bugarama. Asubuhi jua kali, hakuna wingu.
Alhamisi 25 Januari, saa sita na nusu, karibu na mahali palepale. Jua kali, vumbi.
Alhamisi 8 Februari, saa nane. Jua. Gari lilisimama Bugarama tangu asubuhi, madirisha yamefungwa.
Jumanne 13 Februari, saa sita. Jua.
Alhamisi 29 Februari, saa saba. Asubuhi mawingu, saa nne jua likawa kali.
Jumanne 19 Machi, saa sita na robo. Jua kali baada ya siku mbili za mvua.
Jumamosi 20 Aprili, ile niliyokusimulia.

Nilipomaliza kunakili niliweka kalamu chini. Siku zote hizo nimeziandika kwa mkono wangu, na sikuwahi kuzisoma pamoja.

Nzigire


Bukavu, Kadutu, Jumatano tarehe 1 Mei 2024

Mdogo wangu,

Umeshaiona mwenyewe. Hakuna siku hata moja ya mvua. Gari linasimama kwenye joto la Bugarama, kisanduku kinachemka, ufa ndani yake unafunguka, injini inanyamaza. Kikipoa robo saa, ufa unajifunga. Mutabazi wako alijaribu Kamembe, kwenye baridi na mvua. Angeweza kujaribu mpaka Krismasi.

Daftari lako limefanya kazi ambayo mashine yangu isingeweza. Sitakucheka tena. Nitajaribu.

Kwa mtu anayevunja magari mabovu nimepata kalkilateri yenye namba kama yenu, isipokuwa zile nne za mwisho, ambazo kila kisanduku kina zake. Nimeifungua, nimeshika upya kila mguu kwa risasi, nimeiweka kando ya makaa saa nzima ikifanya kazi. Haikunyamaza. Maman Gaudiose anayo pamoja na karatasi ya kuonyesha forodhani. Alitaka kuificha chini ya nyanya. Nilimwambia akiificha nitamtafutia mume mlevi. Ataionyesha wazi.

Ile ya zamani mnitumie. Nataka kuuona huo ufa kwa macho.

Lakini nijibu hili, maana linanikosesha raha. Siku ile ya kujaribu, Mutabazi alirudisha kila moja mahali pake? Uliona?

Akilimali


Gihundwe, Jumatano tarehe 8 Mei 2024
Asubuhi mvua, siku ya kumi na tatu mfululizo. Nguo hazikauki.

Yaya Akilimali,

Imefika na imefungwa. Papa Elikia nilimwambia ni zawadi yako. Alisema, "Huyu shemeji anaiona gari yangu mpaka Kadutu? Ana darubini?" Lakini alikubali. Jumatatu Mutabazi aliifunga, mimi nikiwa kazini, na ile iliyotoka ameifungia kwenye mfuko wa sukari. Nimeushona juu bila kuufungua. Maman Gaudiose anakuletea pamoja na barua hii.

Gari halijazima tena. Lakini kusema kweli halikuzima hata wiki ile kabla ya yako kufungwa. Nadhani ni mvua.

Uliniuliza kama Mutabazi alirudisha kila moja mahali pake. Alirudisha. Niliona kwa macho yangu.

Juzi usiku nililala saa tatu, mapema kuliko siku zote tangu Januari.

Nzigire


Bukavu, Kadutu, Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa tatu usiku

Nzigire,

Usikae chini kusoma.

Mfuko wako nimeufungua leo, nilikuwa na kazi nyingi, Mungu anisamehe. Kisanduku kilichomo si chenu. Chenu kinaishia 4417, umeniandikia mwenyewe. Hiki kinaishia 2093. Nilidhani nimesoma vibaya, nikamwita Chloé asome. 2093. Nimekifungua, hakina ufa. Nimekiweka kando ya makaa kwa saa mbili, hakikunyamaza. Hiki ni kizima kabisa, Nzigire. Hiki ni cha lile gari jingine.

Maana yake Mutabazi hakurudisha. Maana yake tangu Ijumaa ile, wiki tatu sasa, 4417 iko ndani ya gari la mtu ambaye hajui kitu. Hamjasikia lolote kwa sababu mvua haikukatika. Hapa Bukavu jioni hii nyota zimetoka zote.

Nimepiga simu ya shemeji mara nne, imezimwa. Nitapiga tena asubuhi. Maman Gaudiose anavuka mpaka ukifunguliwa saa kumi na mbili, na ameapa hatatua beseni lake kabla ya kukutia barua hii mkononi.

Sikuulizi tena ni la nani. Wewe unajua. Lisimamishe.

Akilimali


Gihundwe, Ijumaa tarehe 17 Mei 2024, saa moja na dakika hamsini
Anga safi, hakuna wingu hata moja.

Papa Elikia,

Naiweka hii chini ya termosi kwa sababu ukirudi saa mbili utataka chai.

Kalkilateri yetu mbovu imo ndani ya gari la Latifu. Ni mimi. Ijumaa ile nilipokuambia ninapeleka gari kuoshwa, nililipeleka kwa Mutabazi. Latifu huliacha gari lake kwenye uwanja wa Mutabazi kila Ijumaa anapokwenda kuswali, ufunguo juu ya kiti. Nilimwambia Mutabazi achukue ya Latifu tujaribu, Latifu asijue, wewe usijue. Hazikurudishwa mahali pake. Inazima kwenye joto. Leo kuna joto.

Latifu anaondoka Bugarama saa tatu na abiria wa sokoni ili awahi swala. Nimempigia kwa simu ya Maman Gaudiose mara tatu, hapokei, na yako bado imezimwa. Mpigie na wewe. Mimi nimechukua pikipiki.

Ulinikataza kusema, nikakutii vibaya: nilinyamaza, halafu nikafanya kwa siri. Ukikasirika, kasirika baadaye.

Nzigire


Gihundwe, tarehe 18/5/2024

Shemeji Akilimali,

Mimi si muntu wa kuandika. Barua yangu ya mwisho ilikuwa ile ya kuomba bibi yangu kwa baba yenu, na ile niliandikiwa na mwalimu. Lakini yeye anasema hawezi kushika kalamu leo, na wewe unangoja kule.

Ninayo kasirani. Nakuambia kwanza hiyo ili ujue. Bibi na shemeji na fundi na muuza nyanya wanajua habari ya gari langu, mimi najua mwisho, chini ya termosi.

Nilisoma saa mbili na robo. Niliwasha simu, nikampigia Latifu, hashiki. Najua mbona hashiki: akiendesha, simu anaitia ndani ya sanduku, ni muntu wa sheria. Nikashuka. Shemeji, nimeendesha barabara ile miaka kumi na nne, sijawahi kuona kona nyingi vile. Kila kona nilikuwa ninachungulia bondeni kwanza, halafu barabara.

Nilikuta gari ya Latifu kwenye kona ya tatu, mgongo wake umegonga ukuta wa udongo, kioo cha nyuma kimevunjika. Bantu wote wameketi njiani na vikapu vyao. Nilihesabu vichwa kabla ya kuzima injini. Walikuwa kumi na sita na Latifu. Mmoja ameumia, Maman Mukamusoni muuza mchele, mkono umevunjika, aliruka kwa mlango. Tumemufikisha hospitali, wamemufunga plasta. Wengine ni wazima.

Bibi yangu alikuwa ameketi peke yake upande mwingine wa barabara. Hakuna aliyemukaribia. Hapo ndipo kasirani yangu iligeuka, sijui ikaenda wapi.

Kitu kimoja nitakuambia ambacho yeye hatakuandikia kwa sababu atataka kunilinda. Bantu walikuwa wanamusema vibaya, eti bibi wa Hitimana ameloga gari ya Latifu ili bwana yake apate abiria. Nikasimama mbele yao nikasema: gari iliyo mbovu ni yangu. Imezima mara saba na ninyi mkiwa ndani, wewe Maman ulikuwemo, na wewe mzee ulikuwemo, na nikawadanganya eti nataka mupumuzike. Mwenye kuficha wa kwanza ni mimi. Huyu alificha kwa sababu mimi nilimufundisha.

Sasa jina la gari langu limeharibika, kama nilivyokuwa naogopa. Sijui nani atapanda Jumatatu. Lakini leo nimelala kama jiwe, na sikuwa nimelala hivyo tangu Januari. Nilidhani yeye peke yake ndiye anaogopa ndani ya nyumba hii.

Ile kalkilateri ya Latifu, 2093, itunze kama jicho.

Shemeji yako,
Hitimana


Gihundwe, Jumapili tarehe 19 Mei 2024
Asubuhi jua, joto mapema. Mawingu yameanza kukusanyika juu ya ziwa saa tano.

Yaya Akilimali,

Papa Elikia amenionyesha barua yake. Ameniambia nisisahihishe hata neno, sijasahihisha. Mimi nakuandikia alichoacha, kwa sababu yeye alifika baadaye.

Kwanza, nilikudanganya. Niliandika kwamba niliona kwa macho yangu Mutabazi akirudisha. Sikuona. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya barabara nikiutazama mlango wa msikiti, ili Latifu akitoka nimwonye Mutabazi. Latifu alitoka mapema. Nilipiga mluzi. Mutabazi alifunga vile vibao haraka, kwenye magari yote mawili, akaniambia, "Zote zinawaka, Maman, zote ni nzuri." Uliponiuliza niliona aibu, na aibu ikaandika "niliona". Kama ningekuandikia sikuona, ungefungua mfuko siku hiyohiyo. Nimepiga hesabu: siku nane.

Sasa ya Ijumaa. Mwenye pikipiki alikuwa mtu mzima, aliniuliza kama kuna mgonjwa. Nilisema bado. Jua lilikuwa linaniunguza mkono wa kushoto, na kila nilipouona mkono huo niliwaza kisanduku kile chini ya miguu ya abiria wa mbele.

Tulimkuta Latifu kwenye kona ya tatu, anapanda. Nilishuka, nikasimama katikati ya barabara, nikapunga kitenge. Alinitambua. Alitabasamu, akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani: "Maman Elikia! Umepotea njia?"

Alipopunguza mwendo, injini ikanyamaza.

Ukimya ule ninaujua. Yeye hakuujua. Niliona uso wake ukitafuta ni nini, mkono ukaenda kwenye ufunguo, na wakati mkono ukiwa kwenye ufunguo gari likaanza kurudi. Nilipiga kelele, "Miguu miwili! Breki, miguu miwili!" Ndani walikuwa wanapiga kelele zao, mmoja anamwita Yesu, mwingine Allah. Sikuweza kufanya lolote. Nilikuwa ninakimbia mbele ya gari linalonikimbia. Latifu akalala juu ya usukani kwa uzito wake wote, akaugeuza, sehemu ya nyuma ikaenda kwenye ukuta wa udongo. Mlio wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Maman Mukamusoni alikuwa amekwisha kuruka.

Watu wamekuwa wakiniuliza kama nimewaokoa au nimewaponza. Sijui, Yaya. Kona inayofuata haina ukuta, ina bonde. Lakini kama asingepunguza mwendo kwa ajili yangu, labda lisingezima pale, labda lingefika Kamembe, labda lingezima mbele ya lori. Nimeiandika kwenye daftari pande zote mbili na haziishi.

Latifu alishuka, akahesabu watu wake, akamfunga Mukamusoni mkono kwa kilemba. Halafu akanijia. Hakuwa na hasira. Akauliza, "Maman Elikia, ulijuaje?"

Palikuwa na bibi mzee nyuma yake aliyekwisha kusema, "Ni Mungu amemutuma, muone!" Na wengine wakaitikia, wakanitazama kama mtu mtakatifu. Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja au mbili. Ningeweza kusema niliota. Wangeamini, wangenipa mchele.

Nikamwambia ni mimi niliyelifungua gari lake, akiwa anaswali.

Akauliza, "Siku gani?"

"Ijumaa tarehe ishirini na sita Aprili."

"Wiki tatu," akasema. Akatazama chini, akaanza kuhesabu kwa vidole, si siku, watu aliowabeba. Mama yake aliyempeleka hospitali Gihundwe. Binti zake wawili. Wafanyakazi wa saruji wa zamu ya asubuhi. Bibi arusi wa Jumamosi iliyopita. Aliwataja wote mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, nami nilisimama nikasikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema:

"Ungeniomba, mama, ningekupa."

Mama. Si Maman Elikia. Aliniita kama mtu anavyomwita mwanamke asiyemjua kwenye foleni. Hayo ndiyo yananizuia kulala, kuliko kelele na kuliko gari.

Jana Mutabazi alishuka Bugarama akaitoa 4417. Ninayo hapa mezani, ndani ya sufuria yenye kifuniko. Najua ni upumbavu. Kesho Maman Gaudiose atakuletea. Ulitaka kuuona ufa. Uuone, halafu usiitengeneze, hata kama unaweza. Ivunje. Na umpe 2093, aionyeshe wazi darajani.

Leo baada ya misa mimi na Papa Elikia tulikwenda Bugarama kwa pikipiki mbili, na daftari. Tulipita kwanza kwa Maman Mukamusoni, ambaye alinionyesha plasta na kuniambia nitamvunia mpunga wake msimu huu, na mwakani pia kama mkono utauma. Nilikubali kabla hajamaliza. Kisha kwa Latifu. Alitupokea uani, hakutuingiza ndani. Nilimwambia kalkilateri yake inarudi Jumanne, na kwamba nataka awepo, afungue mwenyewe, nami nimsomee namba kutoka kwenye daftari na yeye aisome kwenye kisanduku, kwa sauti, kabla kibao hakijafungwa. Papa Elikia alikuwa anahesabu kuku.

Mwishowe Latifu akasema, "Soma namba yangu."

Nikasoma yote, mpaka mbili, sifuri, tisa, tatu.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaingia ndani, akatoka na kalamu, akaiandika kwenye kiganja chake. Alipotusindikiza mpaka njiani hakuniita jina lolote, lakini alisema Jumanne atatungoja asubuhi mapema, kabla ya jua.

Mvua imeanza saa nane na nusu. Naisikia juu ya bati. Gari letu liko uani, la Latifu liko Bugarama, hakuna kati yao linalotembea. Papa Elikia amechukua simu akaiweka mezani kati yetu, ameiwasha, akasema mtu yeyote akipiga nipokee mimi.

Naacha hapa. Saa tisa na dakika ishirini alasiri, nalala.

Nzigire